Vidole Saba Chini ya Shali

Nilikwenda gereji ya Abdinasir kuchagua springi, basi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya nyumba za mtaa wa Galbet, Garissa, na mimi nilikuwa na Landikruza yangu ya mwaka 1989, ambayo mke wangu Roda huiita mke mwenzake. Abdinasir ni kaka yake Roda. Ndiye aliyenifundisha kushika spana, na ndiye aliyenitetea baba yao alipokataa kuniozesha. Nayasema haya mapema ili ujue nilivyomwamini.

Shida yangu ilikuwa moja. Roda alikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya laga moja, mto wa msimu, mbele ya Modogashe, na mimba ya miezi minane. Presha ilikuwa imempanda. Daktari alitaka aletwe Garissa kabla ya Ijumaa. Mvua ilikuwa imeanza huko juu, laga imejaa maji, na gari langu lilikuwa limechoka, limekaa chini mno. Sikumwambia Abdinasir lolote kuhusu presha. Roda alinikataza, maana kaka yake akisikia ugonjwa hapati usingizi. Nilimwambia nataka kubeba mbuzi.

"Kuna hizi mpya za Nairobi," alisema. "Inapandisha inchi mbili. Gari haiyumbi."

"Na zile?"

Pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na seti nyingine. Mabapa tisa ya chuma kila moja, meusi, mazito.

"Hiyo ni inchi nne. Imetoka Isiolo. Nakupa bure."

Miaka yote nimemsikia akiwafokea wateja wanaotaka inchi nne. Huwaambia gari likipanda sana linapinduka kwenye kona, shafti inakatika, na shokapu zinakuwa fupi. Siku ile hakufoka. Alisimama tu akipangusa mikono na kitambaa kilichokuwa kikavu.

"Chagua wewe," alisema. "Sema kwa mdomo yako."

"Hizi za inchi nne."

"Umechagua mwenyewe?"

"Nimechagua, seddi," nikasema, ndivyo tunavyoitana mashemeji. "Kwani leo una nini?"

Akavua shali begani, akafunika mikono yetu miwili, vile tunavyofanya soko la mifugo tukiuziana ngamia, ambapo bei husemwa kwa vidole ili wapita njia wasiijue. Akanishika vidole vyote vitano. Akaachia. Kisha akashika viwili.

"Saba nini?" nikacheka. "Si umesema bure?"

"Sema umekubali."

"Haya. Nimekubali."

Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Alipoutoa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

Alizifunga usiku uleule. Asubuhi gari lilisimama juu, limevimba kifua, nami nilipomaliza kutafuta godoro na mafuta, adhuhuri, nikaondoka Garissa nikipiga mluzi. Nyuma nilikuwa nimetandika godoro ili Roda alale.

Nilifika Modogashe jua likikaribia kuzama. Nikasimama karibu na msikiti, nikatia udhu. Ugbad, mama anayeuza maziwa ya ngamia, ambaye mimi humpa lifti kila nikipita, alikuwa anakuja na vibuyu vyake. Adhana ya Maghrib ikaanza.

Kwi...

Springi ya nyuma ililia. Gari likashuka kidogo, kama mtu amepanda.

Kwi... kwi...

Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na godoro tu. Nilihesabu bila kutaka kuhesabu. Nne. Tano. Sita.

Saba.

Zile inchi nne zote zilikuwa zimeisha. Na harufu ikaja, harufu ya tope la laga, wakati mahali nilipokuwa ni mavumbi matupu.

Ugbad alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Hakuwa ananitazama mimi.

"Maow," aliniita jina langu kwa kunong'ona, "gari yako imejaa. Mimi nangoja ingine."

"Mama Ugbad, hakuna mtu."

Alifunika uso kwa mtandio, akarudi alikotoka.

Ningeweza kulala Modogashe. Lakini kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Roda alikuwa ng'ambo. Nilisoma Ayatul Kursiyyu, nikaendesha. Kwenye laga maji yalifika magurudumu, yakapanda hadi milangoni, na gari zito namna ile lilivuka bila kuteleza hata mara moja. Sikutazama kioo. Nyuma yangu kulikuwa na mtu anayekohoa maji.

Roda alikuwa tayari, amejitanda, mama yake kamshika kiwiko. Miguu yake ilikuwa imevimba. "Umelipandisha gari kweli?" aliuliza. "Mbona liko chini?"

Nilimfungulia mlango wa nyuma. Akaweka mguu kwenye bampa ya nyuma.

Kwi.

Gari likapanda. Kidogo tu, kiasi cha kidole.

Mmoja alikuwa ameshuka. Alikuwa anampisha.

Nilimvuta Roda kwa nguvu hata mama mkwe akanitukana. Simu ikalia papo hapo. Ilikuwa Abdinasir.

"Mama amenitumia ujumbe," alisema. "Anasema umekuja kuchukua Roda. Seddi, asipande. Wallahi, asipande."

"Springi zimetoka wapi?"

Nilimsikia akifunga mlango kwanza.

"Kuna gari ilizama kwa hiyo laga mwaka jana. Watu saba. Mimi nilikuwa kwa wale walienda kutafuta. Nilifika kwanza. Nikatoa springi wakiwa bado wako ndani."

"Wakiwa ndani?"

"Springi ilikuwa mzuri... Toka siku hiyo, kila Maghrib wanakaa kwa gereji yangu. Mtu moja akaniambia watatoka tu kama mwingine atachagua kwa mdomo yake, akubali kwa mkono."

"Ukanichagua mimi."

"Nilijua wewe hutauliza."

Nimetukanwa katika maisha yangu, nimeibiwa mbuzi, nimefungwa siku mbili kwa kosa la mwingine. Hakuna kilichoniuma kama hayo maneno matatu. Nilikuwa simuulizi kwa sababu nilimpenda. Na yeye alikuwa amelipima lile pendo, akaona linatosha kubeba watu saba.

Gari nililiacha palepale, limeinama. Alfajiri maji yalipungua, tukavuka kwa miguu nikiwa nimembeba Roda nusu ya njia, na lori la ng'ombe likatufikisha Garissa. Ijumaa, kabla ya adhuhuri, alifanyiwa upasuaji. Tulipata msichana. Wote wawili wazima, alhamdulillahi.

Jioni ile nilikaa kando ya kitanda cha wodini nikamtazama mtoto akilala. Abdinasir alikuja hadi mlangoni. Hakuingia. Nami sikumkaribisha, na simkaribishi mpaka leo.

"Walipanda saba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saba."

"Na wote wamebaki kwa gari?"

Nilitaka kumfukuza, lakini nilikumbuka. "Mmoja alishuka."

Abdinasir aliacha kunitazama. Alikuwa anatazama kitanda, upande wa miguuni, ambako hakuna aliyekaa. Midomo yake ikaanza kusoma dua. Akarudi nyuma, akaondoka mbio, kiatu chake kimoja kikabaki koridoni.

Nje adhana ya Maghrib ilianza.

Kwi...

Godoro lilizama kule miguuni. Nikasikia harufu ya tope.

Na Roda, akiwa usingizini, akakunja miguu yake taratibu, akampisha.