Kiganja cha Kidoti

Kila asubuhi fundi viatu alishika mkono wa binti yake, akaugeuza, akatazama kiganja. Leo kilikuwa cheupe na cha baridi kuliko jana.

Kiganja cha marehemu mkewe kilianza hivyo hivyo.

"Baba, unatafuta nini?" Kidoti aliuliza.

"Natazama kama umenawa."

Mezani palikuwa na mkate mkavu na chai ya rangi, nyeusi kama dawa ya viatu. Mchana maharage na chai. Jioni mboga kidogo na chai. Siku hizi watu huvaa plastiki, ikikatika wanaitupa, kazi ya fundi imelala. Chai iliwadanganya matumbo.

Zamani shuleni kulikuwa na uji. Wakubwa wa elimu waliufuta kwa barua ya mistari miwili. Watoto wao hawakuwahi kuunywa, wangejuaje umepungua?

Siku hiyo mwalimu alimwita fundi.

"Mzee, binti yako anasinzia darasani. Na anakula chaki."

Marehemu mke wa fundi alikuwa akila udongo.

Hakwenda zahanati. Aliogopa jibu. Alirudi kibandani kwake, Kidoti akaja kukaa kando yake. Jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa, alileta ndala iliyokatika.

"Shemeji, leo unagonga vidole badala ya misumari?"

Fundi akamwambia yote. Jirani aliacha utani. Alivuta kope la chini la Kidoti, akatazama.

"Naona damu ni kidogo. Twende tukapime sasa hivi."

"Na wakisema kama walivyosema kwa mama yake?"

"Mama yake tulimchelewesha, mimi na wewe. Huyu hatumcheleweshi. Inuka!"

Zahanati walipima. Damu ilikuwa imepungua sana. Wakampa dawa ya kuongeza damu, na tarehe ya kurudi kupimwa.

Kesho yake mchana jirani aliingia jikoni kwa fundi. Akaona maharage. Akaona chai.

"Mwizi wako huyu hapa," alisema, akishika birika. "Maharage yana madini yanayotengeneza damu. Ukiyanywea chai, mwili hauyapati vizuri."

"Lakini chai ndiyo inatushibisha!"

"Inakutuliza wewe, shemeji. Mtoto haimjengi. Wakati wa kula nyweni maji. Chai isubiri saa mbili baada ya kula. Hela ya majani na sukari punguza, ununue dagaa, mchicha, na limau la kusaidia mwili kuyapata hayo madini."

"Na uji wa shule?"

"Huo tutaudai. Jumamosi wazazi wanakutana."

Fundi alikwenda. Alisema mpaka mate yakamkauka. Wakubwa walijibu kwamba wanalifikiria. Mpaka leo wanafikiria. Wazazi wenyewe wakaanza kuchangia unga, kila mmoja kwa uwezo wake, na sufuria ikarudi jikoni shuleni.

Siku ya kupimwa tena, damu ilikuwa imepanda. Chaki za mwalimu zilikuwa salama. Asubuhi iliyofuata fundi alinyoosha mkono kama kawaida, lakini Kidoti alimwahi. Aliugeuza mkono wa baba yake, mweusi kwa dawa ya viatu.

"Natazama kama umenawa," alisema. "Bado!"

Vidole vilivyomshika vilikuwa na joto.