Waya Hadi Nyumba ya Mabati

Nduta alikutana na Murunga katika duka la vifaa vya simu mjini Eldoret, Jumamosi yenye msongamano, akirudisha kifaa cha tatu cha kuongeza nguvu ya WiFi. Nduta alivaa sweta ya rangi ya maziwa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesahau usingizi.

"Hiki nacho kimekufa?" akauliza Murunga, fundi wa intaneti, mzingo wa waya begani.

"Hakijakufa, ni mabati. Nakaa chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya auntie, huko Langas. Nikiingia kwangu, WiFi inabaki mlangoni."

"Mabati hula mtandao, mrembo. Wacha haya makopo. Nitakuvutia waya mimi mwenyewe."

Ahadi hiyo ilichukua miezi. Chai walikunywa, mahindi ya kuchoma walikula, mapenzi yakakolea, waya haukuja. Mganga hajigangi, na fundi naye humweka mpenzi wake mwisho wa foleni! Nduta alihudumia wateja wa kampuni kwa kompyuta akiwa chumbani kwake, na kila siku sauti zao zilikatika katikati. Alichoka hadi mifupa.

Jioni moja aliongea na Murunga kwa simu akianua nguo uani.

"Murunga, nimechoka kungoja. Waya, ahadi, kila kitu."

"Najua, sweetie. Sasa sikia, nina swali moja..."

Mvua ya Eldoret haibishi hodi. Ilimwagika, Nduta akakimbilia ndani na nguo zake, simu sikioni. Kimya. Kuangalia, imekatika.

"Amenikatia!" akasema. Hakumpigia tena. Murunga naye hakupiga.

Wiki zikapita hivyo, kila mtu na kiburi chake, mpaka mkubwa wa Nduta kazini, Musimbi, alipomwandikia: laini ikikatika tena, kazi inapewa mwingine. Nduta akampigia Murunga.

"Fundi, kuja uvute waya. Nakuita kama mteja."

Murunga alikuja na viatu vya gambuti na jembe. Akachimba mtaro uani, akalaza bomba, akapitisha waya, bila neno.

"Nyinyi mmelishwa nini?" Auntie Kabura akauliza kutoka jikoni.

Kazi ilipokwisha, Murunga alibaki nyumba kubwa, jikoni kwa auntie, akampigia Nduta, aliyekuwa chumbani kwake, kwa video kujaribu laini.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Hata ile siku ulinisikia. Nilikuuliza kama utakubali nikuoe, ukanyamaza."

Nduta akakaa kitandani. "Uliniuliza lini?"

"Ile jioni. Mvua ikianza."

"Woi, Murunga! Mvua ilinikimbiza ndani! Si wewe ndiye uliniambia mabati hula mtandao?"

Murunga akajishika kichwa. "Na mimi nimekaa nikijua umenikataa."

"Si ungeuliza tena?"

"Niliogopa."

Machozi yakamtoka Nduta, ya uchovu zaidi kuliko ya furaha. "Basi uliza."

Murunga akafungua mdomo, na papo hapo mvua ikaangukia mabati. Picha ilikuwa safi kabisa, midomo ikicheza, lakini neno halikusikika kwa kelele ya mvua. Nduta akarusha simu kitandani. Akatoka mbio na sapatu miguuni, akauvuka ule mtaro mpya, matope hadi magotini, akaingia jikoni akichuruzika maji.

"Ndiyo!"

"Ndiyo nini?" akauliza Auntie Kabura, mwiko mkononi.

"Nduta," akasema Murunga, "sijamaliza kuuliza."

"Nimekwambia nimechoka kungoja."