Lenzi Iliyojaribiwa Stoo

Haya yalimpata rafiki yangu Mwaringa, mpiga picha wa harusi na mechi za jioni hapa Garsen. Alitaka lenzi ya kuvuta, ya bei nafuu, isiyoshindwa na giza wala mtu anayekimbia. Mchana mmoja Sadik, muuza kamera za mitumba, akampa moja.

"Ijaribu humo stoo, ndugu. Nitakurudishia mlango."

Mwanga ukabaki uzi tu chini ya mlango. Mwaringa akasimama kwenye ukuta wa mwisho kabisa, mbali na mlango. Vishindo vya miguu vikapita mbio mbele yake, vikanyamaza.

"Sadik, fungua!"

"Sijafunga! Nausukuma, lakini wewe umeuegemea!"

Mwaringa akapiga picha kuelekea ile sauti. Lenzi haikumwangusha. Picha ilitoka safi: mlango, na mbele yake, upande wa ndani, miguu miwili mitupu iliyojikita sakafuni, vidole vikimwelekea yeye.