Mikebe Miwili ya Chiriku

Kila akirudi shuleni, Chiriku humwagilia maharage yake kwenye mkebe wa dirishani, kisha huketi kando ya cherehani ya bibi. Siku hiyo alijitupa mkekani, kimya.

"Leo chiriku wangu kapotelea wapi?" bibi akauliza.

"Mwalimu wa Kiingereza kanikatiza, bibi. Mbele ya darasa zima!"

Alikuwa akisoma taarifa ya jaribio lake. Kaka yake wa chuo alimpa orodha ya viunganishi vya Kiingereza, vile vya wasomi, naye akavimwaga kila mstari. Alipofika kwenye 'therefore', mwalimu akauliza, "Hiyo 'kwa hiyo' inatoka wapi?" Chiriku akarudia tu mstari uleule. Mwalimu huyo ndiye huchagua wasemaji wa maonyesho ya sayansi; asipoeleza kesho, nafasi yake atapewa mwingine.

"Kiingereza chako sikijui," bibi akasema. "Nisimulie kwa lugha yetu."

"Niliotesha maharage kwenye mikebe miwili. Mmoja dirishani, mwingine kwenye kabati lako la vitambaa. Mmea unahitaji mwanga, kwa hiyo mche wa kabatini ni mfupi."

"Uliupima lini?"

Chiriku akajikuna kichwa. "Bado. Lakini si lazima uwe mfupi?"

"Mimi fundi wa nguo, mjukuu wangu, sikati kabla ya kupima. Kabati lile pale."

Alipolifungua, macho yakamtoka pima. Mche ulikuwa mrefu karibu mara mbili ya ule wa dirishani! Lakini ulikuwa wa manjano, umelegea kama uzi.

"Bibi! Ulijua?"

"Si uliniachia mimi kazi ya kuumwagilia? Nilikuwa nangoja uje kuutazama."

Chiriku akacheka kwa aibu. Akachukua rula, akapima mara mbili, akaandika upya.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa na mikebe yake, akaeleza kwa Kiingereza chake mwenyewe: mche wa gizani ulirefuka, lakini ulikosa nguvu.

"Hiyo 'lakini' inatoka wapi?" mwalimu akauliza.

Chiriku akainua mikebe yote miwili. "Inatoka humu, mwalimu."

Darasa likapiga makofi. Chiriku akashusha pumzi. Alihisi kama aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani.

"Kwenye maonyesho utakwenda wewe," mwalimu akasema. "Hiyo 'lakini', ukiandika, weka 'however'; ukizungumza, 'but' inatosha. Ila kabla ya kuunganisha maneno, nenda kwanza ukatazame kwa macho yako. Neno kubwa halijazi pengo la kazi ambayo hukuifanya."