Hatua Nyuma ya Wifi

Wifi yangu, anayefanya usafi kwenye maabara ya kupima ubongo, ndiye aliyenieleza yaliyomkuta kazini. Siku hiyo mtu wa kupimwa hakufika, basi mtaalamu akamvika yeye kofia ya nyaya na kumtuma atembee kwenye korido yenye giza, huku kompyuta ikichora jinsi ubongo wake unavyofanya kazi kwa kila hatua.

"Tembea kama nyumbani kwako," alimfokea. "Unanyata kama mwizi wa kuku."

Wifi akatembea mpaka mwisho wa korido.

"Sasa simama."

"Nimesimama."

"Usinifanye mjinga. Hapa kwenye kompyuta bado unatembea."

Wifi alikuwa amesimama kweli. Ndipo akazisikia hatua zikija taratibu nyuma yake. Aliivua kofia akaitupa, lakini hatua zikamfuata hadi barabarani.

Jioni nilisikia hatua za watu wawili zikija mlangoni kwangu. Nilipofungua, alikuwa wifi peke yake.

"Wifi, nilale hapa leo. Naogopa."

Sikuweza kumkatalia.

Asubuhi mwanangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alimpita wifi akicheka, mikono ameinyoosha kama anayetaka kubebwa. Pale nyuma ya wifi hapakuwa na mtu. Nilimnyakua mtoto. Mimi si mtu wa maneno makali, lakini niliutupa mkoba wa wifi nje.

"Ondoka na hicho ulichokuja nacho."

"Hata wewe, wifi?"

Nikafunga mlango kwa komeo, nikamsikiliza akienda. Zilikuwa hatua za mtu mmoja tu.