Kopo la Bakteria Rafiki

Mtoto wa nguruwe wa tatu alikata roho Inspekta akiwa bado anahangaika na mabuti ya kuazima mlangoni mwa banda.

"Sumu?" aliuliza.

"Kuhara tu," alijibu daktari wa mifugo huku akivua glavu. "Wameachishwa ziwa majuzi. Mama yao huyu alikuwa anawachanganyia bakteria rafiki kwenye chakula, wanalinda tumbo na kuwakuza. Kopo la unga wake limeibwa. Bila hilo, sijui wangapi watapona."

"Mama yao", dada mwenye banda, alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, akimkanda mwingine tumbo. Machozi hakujali kuyafuta.

Kufuli ya stoo lilimokuwa kopo ilikuwa nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Inspekta.

"Ufunguo wa pili?"

"Uko kwenye msumari jikoni kwa Baba." Dada akasita. "Wa nyumbani wote tunaujua."

Ng'ambo ya uzio lilikuwa banda la kaka yake mkubwa. Alikuwa akikoroga sufuria la pumba linalotoka mvuke. Nguruwe wake mbavu zilihesabika.

"Habari za kazi, bwana. Umesikia yaliyompata mdogo wako?"

"Nimesikia." Mwiko uliendelea kuzunguka. "Asijisumbue. Ule unga hauna lolote. Wangu wanahara vilevile."

"Vilevile? Kumbe umewapa."

Mwiko ukasimama. Koplo aliyefuatana na Inspekta alipoinua magunia ya pumba, kopo lilikuwa chini yake, tupu.

"Uliwapaje?"

"Nilipika na pumba. Sisi chakula cha nguruwe tunapika, tangu enzi za babu."

"Wale bakteria ni viumbe hai, bwana. Umewachemsha wote."

Kaka mtu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamshinda.

"Zamani Baba alianzia hapa kila asubuhi. Tangu huyu mdogo wangu alete vinono vyake, ananipita kama sipo. Anaegemea ukuta wa mwenzangu, anatabasamu peke yake. Wivu umenila, afande, sikufichi. Nilitaka wangu nao wanenepe, Baba asimame hapa. Basi."

Pingu zilipofungwa, mzee alikuwa anakuja na fimbo yake. Hakupita. Alisimama kwenye banda la mwanawe mkubwa, akaegemea ukuta, akawatazama nguruwe mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho.

Mwanawe hakumtazama.