Kiti Hakijapoa

Maiti ilikuwa imekaa kistaarabu, mkanda umefungwa, kama mtu anayemsubiri dereva wake.

Alikuwa Fundi Saa, mzee mstaafu, mgane. Gari lilikuwa limefungiwa bandani, vioo vyeusi kwa masizi. Cha ajabu, kilichoteketea hadi chuma ni kiti cha dereva, ambacho hakikuwa na mtu. Kile cha abiria pembeni yake, alichokalia marehemu, moto ulikilamba ukingo tu, kisha ukajifia kwa kukosa hewa.

"Mtu kafia huku, moto ulikuwa kule," sajenti alinong'ona.

Inspekta alisogea mlangoni. Kituoni walimwita Kikohozi, maana kabla ya swali zito alikohoa kwanza, na inasemekana kikohozi hicho kiliwahi kumfanya mwizi wa mbuzi akiri makosa yake, ya kaka yake, na ya mbuzi mwenyewe.

Akachungulia ndani. Ufunguo ulikuwa umezungushwa nusu, injini haikuwashwa. Milango haikufungwa kwa ndani. Swichi ya hita ya kiti cha dereva ilikuwa imebonyezwa. Mji ule una baridi ya kung'ata mifupa, na magari mengi yana viti vya kupasha joto. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Mahali pa fyuzi ya hita palikuwa na kipande cha waya mnene wa shaba.

Kikohozi akaguna. Kazi ya fyuzi ni kufa ili gari liishi. Anayeweka waya mahali pake amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Daktari wa uchunguzi hakuzunguka. Masizi yalikutwa kooni, kwa hiyo mzee alikuwa hai akivuta moshi wa sponji, pengine usingizini. Jeraha lilikuwa moja tu: kiganja cha kulia kimeiva.

"Kwa nini hakuuondoa mkono?"

"Kisukari. Mikono ilikufa ganzi zamani. Unadhani kwa nini aliacha saa za watu?"

Fundi gari naye alihojiwa. Akaapa kwamba fyuzi aliing'oa yeye mwenyewe, kwa sababu nyaya za hita zilikatika chini ya kitambaa na zilikuwa zikipiga shoti. Alimwonya mzee mbele ya shemeji yake, fundi redio, ndugu wa marehemu mkewe, kwamba kiti kile kikiwashwa tena kitaua mtu.

Ukuta wa pili aliishi jirani mshonaji, mjane mwenye masikio makali kuliko sindano zake. Alieleza kwamba kabla ya kifo aliwasikia mashemeji hao wawili bandani. Mzee aliuliza kitu kwa sauti ya chini, na fundi redio akajibu kwa ukali: "Kiti cha dada yangu hakipoi, na mimi nipo!"

Kikohozi alikohoa. "Maana yake?"

"Afande, kwani hujui? Mke akifa, mume asioe upesi, kiti cha marehemu hakijapoa. Alikuwa anamkataza."

"Na nani alitaka kukikalia?"

Mshonaji akaikazia macho cherehani. "Mimi nilimpelekea supu tu."

"Supu ya nini?"

"Ya matumaini," akasema, akakata uzi kwa meno.

Basi kesi ikawa imejishona. Kaka mtu ameona nafasi ya dada yake inachukuliwa, anajua umeme, anajua hatari. Jioni hiyohiyo fundi redio akakalishwa mbele ya Kikohozi, akaonywa kisheria, akawekewa waya mezani.

"Wako?"

"Wangu."

"Ulimuua ili asioe."

Fundi redio akamwangalia kama aliyeulizwa bei ya mwezi. "Aoe nani? Afande, kiti ni kiti. Kile cha gari."

Akaeleza polepole. Dada yake alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji aliwapigia kelele yeye. Mwanafunzi aliyemshinda ni mume wake, na watu walimcheka, lakini Fundi Saa hakutaka kujua kuendesha, alitaka kuendeshwa. Mke alikuwa na mgongo mbovu, hita haizimwi. Akishuka dukani, mume aliweka kiganja kwenye kiti hadi arudi, kukilinda joto lake. Alipofariki, mume akaendelea. Alizungusha ufunguo, akafunga mkanda, akaweka mkono, akafumba macho. Mke ameshuka tu dukani.

"Mkono wenyewe una ganzi," Kikohozi akasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo aliniuliza mimi. Mimi nakaa kiti cha nyuma, napitisha mkono. Ananiambia, shemeji, kimepoa? Namwambia, kiti cha dada yangu hakipoi, na mimi nipo."

Asubuhi ya kifo walikaa kama kawaida. Yeye akaaga, mzee akaomba aachwe pale kidogo. Akamwacha anasinzia, ufunguo haujarudishwa.

Inspekta alikohoa, safari hii bila kukusudia. "Fyuzi iling'olewa mbele yako. Ulionywa. Mwenzako hahisi chochote. Ungemwambia kina moto, angekuamini mpaka kufa kwake. Kwa nini waya?"

Fundi redio aliutazama waya mezani. Alikuwa mdogo kabisa alipofiwa na mama. Dada ndiye aliyembeba mgongoni.

"Yeye ningemdanganya, afande," akasema, akiugeuza mkono wake juu ya meza. "Huu wangu ulikuwa unajua kimepoa."